Mume wangu amekodi boti ya mfereji, na mama yangu anaogopa maji

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nipo Leicester mwaka wa 11 sasa. Ni muuguzi, mume wangu ni dereva wa basi. Tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Zamu zetu zinapishana, mmoja akiingia mwingine anatoka, na mengi tunaambiana kwa karatasi zilizobandikwa kwenye friji.

Tangu Septemba mume wangu alikuwa anadunduliza pesa bila kuniambia. Mwezi wa pili akanionyesha alichofanya: amekodi boti ya kulala, zile ndefu nyembamba zinazopita kwenye mifereji mashambani, usiku tatu, Ijumaa hadi Jumatatu, katika likizo fupi ya shule mwishoni mwa Mei. Tunaichukulia Market Harborough, mji wa jirani. Nililia, Shangazi. Sijawahi kupangiwa mapumziko na mtu yeyote maishani mwangu.

Tatizo ni kwamba mama yangu yupo hapa. Tulijua atakuja Julai, lakini viza ikatoka mapema, akafika Aprili. Mume wangu, kwa roho yake nzuri, akapiga simu akaongeza mtu mmoja. Kitanda cha mama kitakuwa kile cha sebuleni, meza inashushwa, magodoro yanapangwa juu yake.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Nilikuwa na miaka 12 alipotoka alfajiri wakati wa kusi na hakurudi. Ngalawa yake ilikutwa karibu na kisiwa cha Maziwe, yeye hakukutwa. Tangu siku hiyo mama hajakaa kwenye chombo kwa hiari yake. Hata kivuko cha kwenda Bweni amekipanda mara chache tu, kwa sababu ya misiba, na njia nzima alikuwa amefumba macho.

Sikuwa nimemwambia. Wiki iliyopita mtoto akaropoka mezani: "Bibi, tutalala kwenye boti!" Mama akanyamaza, akamaliza kumenya chungwa lake, kisha akasema, "Mkwe wangu akipanga jambo, nitakwenda." Usiku ule nilimsikia akizunguka jikoni hadi saa tisa.

Tena kuna la pili. Mama hatoki bafuni hapa nyumbani mpaka awe na hakika mkwe wake hayupo koridoni. Kwenye ile boti, mume wangu akiamka kuchemsha maji ya chai, lazima apite kitandani kwa mama. Nikifikiria tu, natoka jasho.

Mume wangu anasema hofu huisha ukiingia ndani yake, na kwamba ule ni mfereji, maji hayafiki hata kifuani. Ameshapanga tufike mpaka Braunston. Mdogo wangu wa kike, anayesoma chuo hapa hapa Leicester, anasema nikienda bila mama nitakuwa nimemtupa, na nikienda naye nitakuwa nimemtesa. Tukighairi sasa, sehemu kubwa ya pesa hairudi. Nifanyeje?

Binti wa Pangani, Leicester


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale mama aliposema, "Mkwe wangu akipanga jambo, nitakwenda." Wewe umeipokea kama ruhusa. Mimi nasikia mtu aliyefungwa mdomo na adabu. Mama wa kwetu hamkatalii mkwe wake mezani, mbele ya wajukuu, tena akiwa mgeni nyumbani mwake. Angekubali kulala juu ya mti kuliko kumwaibisha. Kwa hiyo hesabu kwamba bado hujamuuliza.

Muulize mkiwa wawili, baba watoto akiwa kazini. Na usiulize, "Mama, utakuja, sivyo?" Mwambie mambo yalivyo: boti imekodiwa kabla hatujajua utakuja mapema, mimi nakumbuka ya baba, na kuna njia tatu, zote sawa kwangu. Mpe kitu cha kuchagua ambacho ndani yake mna "hapana" isiyomuumiza mtu. Njia hizo nitakutajia.

Lakini kabla ya hapo nikwambie nilichowahi kukosea mimi. Wifi yangu alikuja kutoka Tanga, na mimi nikaona nimfanyie jambo la kumshangaza. Nikamwambia tunakwenda kutembea tu, nikamfikisha gatini, mashine ya boti ikiwa inanguruma. Alikaa chini kwenye majani, palepale, na vidole vyake vikaanza kutetemeka mpaka kanga ikaanguka. Sikuwa nimejua kwamba utotoni alipinduka na mashua. Siku mbili zilizobaki hakunilaumu kwa neno hata moja, na huo ndio uliokuwa mzigo wangu. Ninachotaka ujue ni kwamba mtu aliyewahi kuumizwa na maji anahitaji kuyaona kabla, akiwa amesimama pakavu, akiwa na funguo ya kurudi nyumbani mfukoni.

Kwa hiyo Jumapili hii, kabla ya lolote, mpeleke Foxton. Kutoka kwenu ni mwendo wa nusu saa na ushei kwa gari. Usimwambie ni majaribio. Mwambie unataka aone mahali mtakapopita, na kama hataki kushuka garini, hatashuka. Bebeni chai kwenye chupa na vitumbua. Kaeni pale chini, mifereji inapokutana, mtazame.

Foxton ni mahali pa kutazama hasa. Mfereji ulikutana na kilima, na waliouchimba wakajenga ngazi ya maji: loki 10, zimepangwa tano tano, zinapandisha boti mita 23 hivi. Zimefunguliwa mwaka 1814 na zinafanya kazi hadi leo. Loki ni chumba cha matofali chenye malango ya mbao mazito. Boti inaingia, malango yanafungwa nyuma yake, unazungusha mkono wa chuma, kilango kidogo kilicho chini ya maji kinafunguka, na maji ya juu yanashuka yenyewe kuijaza loki. Hakuna pampu, hakuna umeme. Boti inapanda taratibu kama mtu anayeinuka kutoka mkekani. Wapo wasimamizi, wengi wao watu wa kujitolea wa Canal & River Trust, shirika la hisani linalotunza mifereji ya England na Wales tangu 2012. Hawakuachi upapase peke yako. Kila loki pale ina vilango viwili, kimoja chekundu na kimoja cheupe, na chekundu lazima kitangulie, la sivyo maji yanafurika. Watoto wako watalishika hilo kwa dakika moja.

Mama atayatazama maji yale, na atakuwa na maneno yake. Muache ayaseme. Usimwambie "unaona, ni kidogo tu." Mumeo amesema kweli kwamba sehemu nyingi za mfereji mtu mzima anaweza kusimama, na kwamba hakuna mawimbi, hakuna kujaa na kupwa, hakuna bamvua. Lakini mama yako haogopi kina. Yale ni maji, na maji ndiyo yaliyomchukua mumewe. Ukimpimia kina kwa mita utakuwa umemwambia huzuni yake ni ujinga.

Sasa njia tatu.

Ya kwanza ndiyo naipenda mimi, kwa sababu mfereji una jambo ambalo bahari haina. Kando yake, karibu mwendo wote, kuna njia ya miguu. Zamani boti hizi zilivutwa na farasi, na farasi mmoja aliweza kuvuta shehena ya tani 25 na zaidi, akitembea kwenye njia hiyo na kamba ndefu nyuma yake. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa boti ni maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6 na kitu, na ukipita boti zilizofungwa unapunguza mpaka usikie mashine inapumua tu. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea. Mama anaweza kusafiri pamoja nanyi bila kukanyaga boti, akiwa ukingoni na mjukuu mmoja ameshikwa mkono, nanyi mko majini hatua chache kutoka kwake, mnaongea bila kupaza sauti. Mkifika darajani, mfereji unabanwa na boti inasogea karibu kabisa na njia. Mumeo akipunguza mashine hapo, mtoto anaweza kumpa bibi yake kikombe cha chai mkononi.

Kutoka Market Harborough hadi Foxton ni kama kilomita 9, na hakuna loki hata moja. Si lazima atembee zote. Mdogo wako ana gari? Kama anayo, ampeleke daraja mojawapo, atembee nanyi nusu saa, amchukue daraja la mbele. Kila daraja lina namba yake kwenye kibao, kwa hiyo mnapatana kwa namba: "Tukutane la 10." Kama hana gari, treni ya Leicester hadi Market Harborough ni kama robo saa tu, akae nanyi siku ya kuondoka na siku ya kurudi.

Mwishoni mwa Mei ndipo njia hizo zinapopendeza. Ua wa miiba unaozunguka mashamba unakuwa umechanua maua meupe, kondoo wana wana wao, bata wanapita na msururu wa vifaranga. Mkibahatika mtamwona mdiria, anapita kama cheche ya buluu juu ya maji, ukisema "tazama" ameshapotea. Na mwambie mama aangalie mashamba ya majani pale yanapopanda na kushuka kama mabati ya paa. Yale ni matuta ya kilimo cha mamia ya miaka iliyopita, yamebaki chini ya majani baada ya watu kuacha kulima na kufuga kondoo. Mtu aliyeshika jembe anayaona mara moja. Tena mkipita chini ya daraja la kale, mwonyeshe pembe zake. Mara nyingi utakuta mifereji midogo imechongeka kwenye jiwe au chuma, laini, kidole kinaingia. Hakuna aliyeichonga. Ni kamba za farasi, zikisugua palepale, miaka na miaka. Mimi nikiviona vidole vya wajukuu vikipita mle, moyo wangu hutulia, sijui niseme vipi vingine.

Usiku anarudi nyumbani na mdogo wako. Hapa ndipo naingia kwenye lile la pili, la ukwe, na nakuambia wazi: usimlaze mama yako sebuleni mwa boti. Upana wa boti hizi nje ni mita 2 na kidogo, maana loki nyingi za mifereji hii zilijengwa kwa kipimo hicho. Ndani hata mita 2 hazitimii. Ni koridoro moja ndefu. Jiko, sebule, bafu, vitanda, vyote vimefuatana kama behewa, na ukuta wa bafu ni ubao. Mama atakaa usiku tatu bila kwenda chooni kwa kuogopa mkwe asisikie. Hayo si mapumziko, ni adhabu, na mumeo atakuwa hajui kwa nini mkwewe hana raha.

Njia ya pili ni kwa mama atakayesema, baada ya Foxton, kwamba anataka kulala nanyi. Wazee hutushangaza. Hapo piga simu mapema kuuliza kama ipo boti yenye vyumba viwili, kimoja omo, yaani mbele, kimoja tezi, yaani nyuma, bafu katikati au mabafu mawili. Mama na watoto wapewe chumba cha omo, chenye mlango wake wa kutokea nje, na nyinyi tezi karibu na mashine. Jiko likiwa upande wa mama, basi chai ya alfajiri anaipika mama, na nina hakika ndivyo atakavyotaka. Kwa upande wa sala hatapata shida. Jioni boti inafungwa kwa kamba omo na tezi, kwenye pete au vigingi vilivyogongewa ukingoni, inatulia, na anaweza kutandika mkeka wake kwenye majani akipenda. Jua wakati huo linatua saa tatu usiku na dakika zake.

Njia ya tatu ni abaki Leicester na mdogo wako, nanyi mwende. Mdogo wako anaita hilo kumtupa. Si kweli. Mama amekuja kwa miezi, na siku tatu binti zake wawili wanapokezana. Mwambie mdogo wako, kwa upole, kwamba kumtunza mama ni kazi yenu wote wawili, na zamu yake ya siku tatu imefika. Kughairi sitakushauri. Umeniandikia kwamba mnaongea kwa karatasi za friji. Ndoa inahitaji mahali pa kukaa bila saa ya kuingia kazini, na mtu aliyeweka pesa tangu Septemba ili akupumzishe anastahili kuonekana amefanya jambo.

Ila Braunston aisahau. Nimpigie hesabu. Kutoka Market Harborough hadi Braunston ni zaidi ya kilomita 50, na loki 23: kumi za Foxton, saba za Watford (ile ya Northamptonshire), sita za Braunston yenyewe. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 100 na loki 46. Kwa kilomita 5 kwa saa na robo saa kila loki, ni saa 32 za kushika kana, yaani mpini wa usukani, bila kula. Nanyi mnapewa boti Ijumaa mchana, mnatakiwa kuirudisha Jumatatu asubuhi, na boti za kukodi haziruhusiwi kutembea gizani. Mtarudi mmechoka kuliko zamu ya usiku. Ijumaa nendeni Foxton, mwendo wa saa mbili hivi, mlale chini ya loki. Jumamosi pandeni na wasimamizi, kazi ya kama saa moja. Juu ya pale kuna maji ya kilomita 32 bila loki hata moja. Songeni kiasi mnachopenda, mradi mtazame kwenye ramani mahali pa kugeuzia, maana boti ya mita 18 au 20 haigeuki popote utakapo. Jumapili rudini.

Machache ya usalama, uyasome na mumeo. Watoto wavae maboya muda wote wakiwa sitahani na kwenye loki. Muombe wenye boti wawape ya saizi yao. Loki ina kina, si kama mfereji wenyewe, na kuta zake zinateleza, hivyo hakuna kukimbia wala kuruka. Mkishuka kwenye loki, kuna kizingiti cha zege chini ya lango la nyuma, na ukutani wamechora mstari mweupe kukionyesha: tezi ikae mbele ya mstari huo, isije ikakalia kizingiti maji yakishuka, boti ikainama. Boti ikielekea kugonga ukuta, iache igonge. Ina uzito wa zaidi ya tani 10, na mguu wa mtu haupaswi kuwa katikati. Mkikwama kwenye tope la kando, tumieni pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, lililolala juu ya paa. Na kila aliyegusa maji au kamba anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu mkojo wa panya huingia mle, na wewe muuguzi unajua ugonjwa wake.

Kwa baba watoto: mwanangu, umefanya jambo jema na hakuna anayekulaumu. Lakini hofu ya mama haiishi kwa kuingizwa ndani. Mwachie nafasi ya kusogea mwenyewe. Na nikwambie, wewe ukishika kana kwa mara ya kwanza utasukuma kushoto na boti itakwenda kulia, utababaika kama sote. Mkwe wako amekuwa mke wa mvuvi wa Pangani. Anajua kana ni nini, anajua omo, tezi, amari, pondo. Siku akiwa ukingoni akikuona unahangaika, huenda akasema neno. Lisikilize, na uwaambie watoto wamuulize majina ya vitu vyote vya boti kwa Kiswahili, maana shule haitawafundisha.

Hivyo mwanangu, Jumapili Foxton na chai. Ukimwona amekaa kimya akitazama maji, kaa naye kimya. Akianza kumtaja baba yako, achia kila kitu umsikilize, hata kama watoto wanalia njaa. Ukirudi mwezi wa sita, niandikie uniambie alitembea hadi daraja namba ngapi.

Shangazi